Jirani Aliyenipigia Makofi

Mgonjwa wa kawaida akiulizwa hali yake hujibu apendavyo. Mgonjwa mwenye kesi hana uhuru huo. Akisema leo afadhali, neno lake linabebwa na kupelekwa mahali. Akisema hali mbaya, mtu anasimama kando kungoja aone kama atacheka kabla jua halijatua. Mimi sikuyajua haya mapema. Najua kuna mtu sasa hivi amelala wodini mguu umening'inizwa kwa kamba, na wakili amekwisha kupita akaacha kadi yake kwenye kabati la dawa. Ningependa mtu huyo asome haya kabla hajarudi nyumbani.

Jina langu ni Akeyo, ingawa mjini Migori wengi wananiita Mama Robi. Nilizaliwa Sindo, kando ya ziwa, nikaolewa na Marwa, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kegonga. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, kwa hivyo nyumba yetu huzungumza Kiswahili. Yeye hana Kidholuo cha kutosha kugombana nacho, na Kikuria changu huishia kwenye salamu. Nilikuwa msusi. Saluni yangu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na kulikuwa na wanawake waliotoka hata ng'ambo ya mpaka kuja kusukwa na mimi.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, asubuhi, nikifungua mlango wa saluni. Lori lilikuwa likirudi nyuma ili lishushe saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa jirani. Nilisikia watu wakipaza sauti wakimwambia mtu asimame, nikageuka kuangalia ni nani anayeambiwa asimame. Kisha nikabanwa kati ya lori na ukuta.

Mambo ya mifupa waachie madaktari. Nyonga ilivunjika, na mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto ulipondeka. Nililala chali. Nilipoingia hospitali watu walikuwa wakipalilia mahindi, na nilipokuwa bado pale pale, chali vile vile, nilianza kusikia harufu ya mahindi mabichi yakichomwa nje ya lango. Nywele zilianza kung'oka zenyewe kwenye mto. Paja la kushoto lilipungua hadi likawa kama la mtoto wa shule. Nilikuwa nikilitazama kama kitu cha mgonjwa mwingine kilichosahaulika kitandani mwangu.

Aliyeniuguza hasa ni mama mkwe. Alishuka kutoka Kegonga na kikapu cha unga wa wimbi, akalala sakafuni chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba hakunitaka. Siku ya kwanza aliponiosha nilifumba macho kwa haya, na yeye akasema, "Fumba tu. Mimi nitafumbua yangu, maana lazima nione nimefika wapi." Tulicheka, na kucheka kuliniuma nyongani, na tangu siku hiyo sikumwogopa tena. Mema ya msimu ule yalikuwa madogo namna hiyo, na naomba uyahesabu yakikujia, kwa sababu baadaye hutakumbuka kwamba yalikuwapo.

Nilirudi nyumbani na magongo mawili. Tulikuwa tukikaa kwenye ploti, vyumba vinavyotazamana na uwanja mmoja katikati, mfereji mmoja wa maji na kamba za nguo. Saluni ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Marwa alikuwa akienda kazini mapema na kurudi akiwa amechoka, akipika, akimwogesha Robi, akinigeuza kitandani, na kulala bila kusema neno. Hakulalamika. Ningependa kama angelalamika.

Ugonjwa huu una tabia moja ambayo ndiyo iliyozaa matatizo yote. Haukai mahali pamoja. Kuna siku niliamka mguu ukanitii, nikasimama, nikapiga hatua kadhaa nikishika ukuta, nikadhani nimepona. Kesho yake nisingeweza kukaa kitako bila jasho kunitoka. Daktari aliyekuwa akinitibu Homa Bay alisema ndivyo mshipa unavyorudi, kwa kusitasita, na kwamba nisiache kuujaribu kila siku hata kidogo. Mtaalamu wa viungo pale pale hospitalini alinipa mazoezi: kunja, nyosha, simama, tembea hadi mlangoni. Alisema mguu usipofanyishwa kazi katika miezi hiyo utakauka.

Wakati huo kesi ilikuwa imefunguliwa. Mwenye lori alikuwa na bima, na bima ndiyo ingelipa, kwa hivyo bima ndiyo iliyotaka kunijua. Walinipeleka kwa daktari wao, kliniki moja ya Homa Bay iliyoko ghorofani juu ya duka. Daktari alikuwa na adabu. Alinipima, akaniuliza maswali, na nilipokuwa nikivaa kiatu akaangusha leso yake karibu nami, akangoja. Sikuweza kuiokota. Nilimwambia samahani, akaiokota mwenyewe bila kuonyesha kushangaa. Ilinichukua muda kushuka ngazi, nikikaa kwenye kila kidato kama mtoto, na nilipofika chini Marwa alinigusa bega akanionyesha dirisha la juu. Daktari alikuwa amesimama pale akitutazama hadi tulipoondoka.

Wakili wangu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, hakushangaa tulipomsimulia. Alisema kampuni za bima hudanganywa kila siku na watu wazima waliojifunga bandeji, kwa hivyo huwatazama wote, wakweli na waongo. Alisema, "Watakuangalia, Mama Robi. Wewe usiigize. Ukiweza kutembea, tembea. Usipoweza, kaa."

Nilisikia hivyo. Marwa alisikia tofauti. Tulipofika nyumbani alisema kuanzia siku hiyo nisitoke nje ya mlango bila magongo yote mawili, hata kama mguu uko vizuri, hata kwenda chooni. Alimwambia Robi, ambaye alikuwa darasa la tatu, kwamba mtu akimuuliza habari za mama aseme hajui. Mtoto aliniangalia kama anayetaka kujua nimefanya kosa gani.

Haikuchukua muda dalili zikaanza. Mzee mmoja wa kanisa letu alinivuta kando baada ya ibada ya Sabato akasema kuna bwana mstaarabu aliyemtembelea kuuliza kama mimi hupiga magoti wakati wa maombi. Mwenye nyumba ya saluni aliulizwa kama niliwahi kulalamika mgongo kabla ya ajali. Namba ngeni zilinipigia, mwanamke akijifanya anatafuta msusi, akitaka kujua kama bado nafanya kazi. Majirani waliokuwa wakija kunijulia hali walianza kupungua. Mmoja aliniambia wazi kwamba hataki kuitwa kortini kusema alichokiona, kwa hivyo afadhali asione. Sikumlaumu. Lakini mchana wa ploti ni mrefu watu wakiwa wamekwenda kazini, na mimi nilikuwa nimezoea kuishi na vichwa vya watu mapajani mwangu na masikio yaliyojaa habari zao.

Frida alihamia chumba kinachotazamana na chetu mvua fupi zilipoanza. Alisema ametoka Busia, anauza nguo za mitumba, na biashara bado haijashika. Alikuwa wa rika langu, mcheshi, mwenye kujua kupika omena, dagaa wa ziwani, wasiwe na uchungu. Siku ya kwanza alikuja kuomba chumvi. Siku ya pili alirudisha chumvi pamoja na sahani ya chakula. Baada ya hapo alikuwa akija kila mchana.

Kilichonivuta kwake ni kwamba hakuniuliza chochote kuhusu kesi, hata mara moja. Watu wote wengine macho yao yalikwenda kwanza kwenye magongo. Yeye aliniuliza nilikuwa nikisuka mitindo gani, nilijifunzia wapi, ni kweli kwamba mama mkwe wangu alinitunza hospitalini. Nilimweleza mambo ambayo Marwa hakuyajua. Nilimweleza kwamba naogopa mwili wangu, kwamba sijui kama mume wangu atanitaka tena na paja hili. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Alisema, "Wewe bado ni mtu, dada. Hiyo ni mguu tu."

Siku moja aliniomba nimsuke. Nilimwambia siwezi kusimama. Alisema kwani nani amesema usimame, akatandika mkeka, akakaa kati ya miguu yangu nilipokuwa kwenye kigoda. Hicho ndicho kilikuwa kichwa changu cha kwanza tangu lori. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Alishika simu mkononi kama kila mwanamke anavyoshika simu akisukwa, na mimi nikaona raha hata nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Ilibidi nipumzike mara nyingi na tulimalizia siku iliyofuata. Sikumtoza chochote. Mimi ndiye niliyemshukuru.

Halafu ikaja siku ya kutembea. Mvua ilikuwa imekatika, uwanja umekauka, na mguu tangu asubuhi ulikuwa mwepesi. Nilimwambia Frida. Robi alikuwa hajaenda shule, shule zilikuwa zimefungwa. Frida alisimama katikati ya uwanja akasema, "Acha hizo magongo kwa mlango. Mpaka kwa mfereji tu. Mimi niko."

Nilikumbuka maneno ya Marwa. Nikakumbuka pia ya mtaalamu wa viungo. Nikayaegemeza magongo ukutani.

Nilitembea. Sitakuambia nilitembea vizuri, nilikuwa nikiyumba kama ndama, lakini kila nilipodhani mguu utavunjika chini yangu ulinishika. Robi alikuwa akirukaruka kando. Nilipogusa bomba la mfereji Frida alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja lake, kwa maana mkono wa pili ulikuwa umeshika simu, na machozi yalikuwa machoni mwake. Machozi hayo niliyaona mimi mwenyewe na sijawahi kujua la kuyafanya. Alinionyesha video pale pale. Nilimwomba aitume kwa mama yangu Sindo aone. Akasema hana data, atatuma baadaye.

Kurudi chumbani hakukuwezekana. Walinishika, yeye upande mmoja na Robi upande mwingine, na nilipolala mguu mzima uliwaka kuanzia nyongani hadi kwenye kidole. Nilitetemeka hata meno yakagongana. Frida alichemsha maji, akapasha mafuta, akanikanda mgongo na paja hadi Marwa aliporudi jioni. Alikuwa akisema polepole, "Pole, dada. Nilikuharakisha." Nilimwambia asijilaumu. Nilikaa kitandani siku kadhaa baada ya hapo, na yeye ndiye aliyeniletea uji.

Kabla ya Krismasi alisema amepata kazi Nakuru. Alituachia sufuria moja na pazia lake. Tulilia kwenye lango. Nilipompigia Januari kumtakia mwaka mwema, namba haikupatikana, na wiki iliyofuata haikupatikana, nikasema labda ameibiwa simu.

Wakili alituita ofisini mwanzo wa kiangazi. Tulikaa mbele ya kompyuta yake, mimi na Marwa. Alisema upande wa bima umewasilisha ushahidi na kwamba nitulie. Kisha akabonyeza.

Nilijiona nikianika nguo, nikiinua mkono, nimechukuliwa kutoka nyuma ya pazia. Nilijiona nimekaa mlangoni nikiinua beseni la vyombo, tupu, lakini kwenye video beseni halionyeshi kwamba ni tupu. Nilijiona nikisuka, uso umejaa furaha. Na mwisho nilijiona nikitoka mlangoni, nikiweka magongo ukutani, nikitembea. Sauti ilikuwa imeondolewa. Hapakuwa na mtu aliyesema mpaka kwa mfereji tu. Nilikuwa mwanamke aliyetazama huku na huku, akaacha magongo yake, akaenda zake. Video ilikatika nilipogusa bomba.

Sikumfikiria Frida kwanza. Nilimfikiria yule mwanamke wa kwenye video, na nikaona hata mimi nisingemwamini.

Wakili alikuwa akieleza kwamba kuna la kufanya. Marwa alininyooshea magongo. Njiani alinibebea mkoba kama kawaida, akanisubiri kama kawaida. Tulipofika nyumbani alimtuma Robi dukani, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Niambie mimi," alisema. "Sio wakili. Unaumwa kweli?"

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa amenigeuza usiku na mchana, alikuwa ameshika beseni nikitapika. Nilikuwa nimeshajibu swali hilo kwa madaktari wote, kwa wakili, kwa karani, na sikubakiwa na namna nyingine ya kulijibu. Nilimwambia anipeleke kwa mama yangu. Alinipeleka siku ya pili yake, na Robi akabaki Migori kwa sababu ya shule.

Nyumba ya mama iko juu kidogo ya mji wa Sindo, mtu akikaa mlangoni anaona maji. Sikukaa mlangoni. Nilikaa ndani, dirisha limefungwa. Pikipiki ikisimama barabarani nilikuwa nikivuta pumzi na kungoja iondoke. Siku moja mtu alipita akipiga picha za ziwa, nikajifunika shuka hadi kichwani mchana wa joto. Mazoezi niliyaacha. Nilijiambia nitayafanya ndani, lakini hata ndani kila nilipokunja goti nilikuwa najiona kama kwenye ile kompyuta, na goti likakataa. Nilianza kujiuliza kama maumivu ni yangu au ninayatengeneza. Nikiamka nafuu niliogopa. Nikiamka nimeumia, nilihisi kitu kinachofanana na utulivu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Mama ni mtu wa maneno machache. Alikuwa akienda shambani kwake, kwenye mtama, akirudi ananikuta nilipokuwa. Aliniambia mara moja tu, "Nyathina, mwanangu, waliokupiga picha wamekwenda nyumbani kwao. Wewe bado uko huko kwenye picha." Kisha akaenda kufunga mbuzi.

Nilikosa kliniki. Nilikosa nyingine. Mama ndiye aliyenilazimisha mwishowe, akanipeleka Homa Bay mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wenye plasta, mzee mmoja aliyekatwa mguu akatugawia njugu zake, na nilipoingia yule mtaalamu wa viungo alinishika goti akajaribu kulikunja. Alijaribu tena. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu siku zote, na niliona uchangamfu ukimtoka.

"Hii ilikuwa inakunja," alisema. "Nini ilifanyika?"

Nilimweleza. Hakunigombeza, alikuwa bado amelishika goti kwa mikono miwili. Alisema tutaanza upya, kwamba mguu utarudi kiasi, lakini hautafika pale ulipokuwa Desemba. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema anayo.

Kwa hivyo kesi ilipotajwa kusikilizwa, mwanzo wa mvua ndefu nyingine, mambo yalikuwa yamegeuka. Kwenye video nilikuwa nikitembea, na kortini niliingia nikiburuta mguu uliokakamaa kweli, nikiwa nimekonda. Wakili wa bima aliuliza kwa upole inakuwaje mgonjwa anayetibiwa anatembea Desemba na Aprili hawezi. Nilianza kueleza habari ya woga. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikajua inasikika kama uongo. Marwa alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alikuwa amekuja na shati nililomnunulia mimi.

Halafu waliita shahidi aliyepiga video, na Frida akaingia. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na nywele amezikata fupi. Jina alilolisema alipokula kiapo halikuwa na Frida ndani yake. Alieleza kwamba aliajiriwa na kampuni ya upelelezi, kwamba alikaa jirani nami kwa muda, na kwamba hicho ndicho alichokiona. Alisema vizuri, kwa mpangilio, bila kunitazama.

Wakili wangu aliinuka. Hakumkaripia. Alimuuliza kama yeye ndiye aliyeniambia niache magongo mlangoni. Alisema ndiyo. Alimuuliza sauti ilikwenda wapi. Alisema yeye hakuiondoa, alipeleka kama ilivyo. Kisha wakili akamuuliza ni nini kilifuata baada ya mimi kushika bomba.

Frida alimtazama wakili wa bima. Hakimu alimwambia ajibu.

"Hakuweza kurudi," alisema. "Tulimbeba, mimi na mtoto wake. Alikuwa anatetemeka. Nilimkanda mpaka bwana yake akarudi kutoka kazi. Alilala siku tatu, nne. Mimi ndio nilikuwa nampatia uji."

"Kwa nini haya hayapo kwenye ripoti yako?"

"Niliulizwa kama anatembea."

"Na wewe, uliyekaa naye, uliamini anadanganya?"

Wakili wa bima alipinga swali hilo, na hakimu akamkubalia, kwa hivyo halikujibiwa. Lakini Frida alikuwa ameshatikisa kichwa, hapana, kidogo tu, na mimi niliona.

Hukumu ilitoka baadaye. Kampuni ililipa, si kama wakili alivyotumaini na si kama wao walivyotaka. Sitasema zaidi kuhusu hilo, kwa sababu watu huniuliza hilo kwanza, na si hilo lililobaki. Wengine huniuliza kama nimemsamehe Frida. Sijui ni yupi wa kumsamehe. Aliyeniuza alikuwa na mikono ile ile iliyonikanda, na mikono ile ilikuwa ya kweli mgongoni mwangu, mtu anayeumwa hakosei juu ya mikono. Sijamwona tena. Sipendi kumwona.

Wewe uliye wodini, sina elimu ya sheria ya kukupa. Ninachoweza kukuambia ni hiki. Watakuja, na huenda watakuja wakiwa wema. Usiache mazoezi kwa ajili yao. Mguu hauingoji hukumu. Umwambie daktari wako kila siku njema na kila siku mbaya, aziandike zote mbili. Na watu wa nyumbani kwako uwaambie mapema kwamba utaonekana mzima siku fulani na kesho yake hutainuka, uwaambie kabla mgeni hajawaonyesha.

Marwa alikuja Sindo baada ya siku ile ya kortini. Alimsalimu mama, akakataa kiti, akabaki amesimama nje kwa adabu ya mkwe hadi mama alipojiondokea kwenda kisimani. Nilitoka mlangoni na magongo. Alisema amekuja kunichukua, kwamba Robi ananiuliza kila siku, kwamba amekosea.

Nilifurahi kumwona, sitaficha. Lakini kuna jambo nililokuwa nalo tangu kortini. Nilikuwa nimemtazama Marwa usoni wakati Frida akisema habari za uji na kutetemeka. Uso wake ulifunguka pale benchi la nyuma, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na nikajua kwamba ndiyo kwanza ameamini. Haya yote nilikuwa nimemwambia mimi. Mengine aliyaona mwenyewe alipoingia na kunikuta nimelala, Frida akinikanda. Lakini yalingoja kusemwa na mgeni chini ya kiapo.

Kwa hivyo nilimuuliza. "Na kama yeye angenyamaza?"

Alitazama chini. Alikuwa na nafasi ya kusema neno zuri, na ningelipokea, nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

"Sijui," alisema.

Mbuzi wa mama walikuwa wakilia kwenye kamba zao. Nilingoja nione kama neno hilo litaniangusha, na halikuniangusha. Lilikuwa neno la kwanza kwa muda mrefu ambalo sikulazimika kulikagua. Nilimwambia aingie achukue mkoba wangu.

Kutoka kwa mama hadi barabarani kuna mteremko wa mawe. Alitaka kunishika, nikamwambia abebe tu mkoba. Nilishuka kwa magongo, hatua moja, kupumzika, hatua moja, mguu mgumu ukitangulia. Chini kuna duka, na watu waliokuwa wamekaa pale waliacha mazungumzo wakanitazama. Mmoja alikuwa ameshika simu. Nilisimama kidogo, nikaangalia nyuma kwenye mlango wa mama uliokuwa wazi.

Kisha nikaendelea kushuka.